Mlango Ndani ya Chesisi

Chuma kinapochomewa kina harufu yake, kali, ya kukwaruza koo, na kila mtu aliyefanya kazi gereji anaijua. Asubuhi ile, katika gereji ya Lennox nyuma ya Mwembe Tayari, Mombasa, chuma kilinuka udi.

Kingi ndiye aliyesema. Alikuwa amelala chali chini ya gari, amemshikia kaka yake bamba, naye Lennox anachomea.

"Kaka, wasikia harufu?"

"Nasikia harufu ya mvivu," Lennox akajibu. "Shika bamba."

Kingi akashika bamba. Moshi ulitoka mweupe, ukatambaa kwenye udongo uliolowa mafuta ya injini, ukanukia kama chumba cha bi harusi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha sokoni alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza hapa pana arusi ya nani. Lennox akamwambia arusi ni ya mama yake, kisha akarudi kwenye moto wake.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa fundi mzuri wa kuchomea, hilo hakuna aliyelikataa, ila alidharau watu kama wengine wanavyovuta sigara, moja haijaisha kashawasha nyingine. Makanika wenzake aliwaita wafunga parafujo. Magari ya Kijapani aliyaita mikebe. Salamu hakujibu; ukimwambia habari za asubuhi alikutazama kana kwamba umemwomba shati lake. Aliwahi kuwa na mke, mke akarudi kwao Kaloleni, na Lennox akatangaza kwamba amemfukuza kwa sababu alikuwa akitafuna kwa sauti. Mdogo wake Kingi alimdharau kuliko wote, kwa kosa la kuwa mpole.

Gari lenyewe lilikuwa la Gharib, mwenye duka la kanga Biashara Street. Ilikuwa Shevrole ya Kimarekani ya miaka ya sitini, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, nguvu nyingi kuliko haja ya mtu yeyote katika kisiwa ambacho ukikanyaga mafuta sawasawa unaishia baharini. Gharib hakujua kuliendesha vizuri. Alilitaka kwa sababu ndugu zake walikuwa na Marsedi na yeye alikuwa na Datsun. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na Gharib alikuwa na umri wa kutosha kuona haya.

Chesisi ya gari lile, yale mataruma ya chini yanayobeba injini na bodi, ilikuwa kama mfereji, chuma kimekunjwa pande tatu na upande wa nne uko wazi. Injini ikinguruma, gari zima lilijipinda. Dawa yake ni kuziba ule upande wa nne kwa bamba, ulichomelee juu na chini mwanzo hadi mwisho, ili mfereji uwe sanduku. Lennox alitaka bamba zito, na mabamba ya madukani aliyaita karatasi.

"Nyumba ya marehemu mama iko Mji wa Kale, haina mtu," Gharib alimwambia. "Ndani mna ghala lenye mlango wa chuma cha zamani. Kaung'oe."

Wakaenda ndugu wawili na mtungi wa gesi. Mlango ulikuwa mzito, mweusi, na haukuwa na kutu hata chembe. Katika Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula misumari ikiwa bado dukani, Kingi aliona jambo hilo si zuri. Ndani ya ghala hamkuwa na kitu ila sinia, chetezo chenye jivu la ubani, na mrashi wa maji ya waridi uliokauka. Hakuna mtu wa pwani anayehitaji kuelezwa chumba cha namna hiyo. Humo mna mwenyewe, jini wa nyumba. Mama yake Gharib, maisha yake yote, kila jioni ya Alhamisi alimwingizia mwenyewe huyo sinia lake, akamfukizia, akarudisha mlango taratibu. Mama alipokufa, Gharib aliacha. Alisema hayo ni mambo ya wanawake waliokosa kazi.

"Kaka, tupige hodi kwanza," Kingi alisema kwa sauti ya chini.

"Umpigie nani hodi? Panya?"

Lennox akawasha gesi, akakata bawaba. Alipokuwa akitoka na mlango begani, mguu wake ulikipiga chetezo kikapinduka, wala hakugeuka kutazama.

Sasa mlango ule, umekatwa vipande virefu, ulikuwa umechomelewa ndani ya chesisi kulia na kushoto. Lennox alimaliza mshono wa mwisho karibu na adhuhuri, akazima mashine, na papo hapo kitu kikagonga ndani ya chuma. Mara tatu. Kikanyamaza. Mara tatu tena.

"Chuma kikipoa hulia," Lennox alisema. "Hata hilo hulijui?"

Na kweli chuma kikipoa hulia. Lakini kesho yake asubuhi chuma kilikuwa baridi kama jiwe la kaburi, na bado kiligonga, mara tatu na kunyamaza, mara tatu na kunyamaza, bila haraka, kama mtu aliyelelewa akalelewa, anayejua kuwa mwenye nyumba yumo ndani na atakuja kufungua.

Siku hiyo Lennox alikwenda hotelini kula, akamwachia Kingi kazi ya kusugua mshono. Jua lilikuwa la utosini. Mtaa ulikuwa umenyamaza kwa joto. Hata utingo wa mabasi ya bara walikuwa wamelala vivulini. Kingi alikuwa chini ya gari, sikio lake karibu na chuma, aliposikia sauti ya mtu mzima, nzito, yenye heshima, ikisema:

"Hodi."

Mtu mwingine angekimbia. Lennox asingejibu, maana hata watu walio hai hakuwajibu. Lakini Kingi alizaliwa na watu wenye adabu, na tangu ajue kusema hajawahi kuacha hodi ya mtu ikaanguka chini. Mdomo wake ulijibu kabla kichwa hakijafikiri.

"Karibu," akasema.

Mkewe Sidi, aliyekuwa akiuza vitumbua kule feri, alimpitia jioni kama kawaida ili wavuke pamoja kwenda Likoni, ambako mtoto wao Caroline alikuwa akiwangoja kwa jirani. Alikuta gereji kimya na miguu ya mumewe imechomoza chini ya gari.

"Baba Caroline, twende. Jua linazama."

Miguu haikusogea.

"Baba Caroline! Hivi umelala?"

"Nani huyu," ikasema sauti chini ya gari, "aniitaye kwa sauti ya kuuzia samaki?"

Sidi alisimama pale pale. Ilikuwa sauti ya Kingi, lakini Kingi alikuwa mtu wa Rabai, na Kiswahili chake kilikuwa cha Rabai. Aliyesema alisema Kimvita safi, cha watu wa zamani, wenye nyumba za ghorofa na watu wa kuwapepea. Aliinama akaushika mguu wa mumewe amvute, na mkono wake ukaruka wenyewe kwa sababu mguu ule ulikuwa wa moto kama karai la vitumbua vyake, akaona vidole vyake vimevimba malengelenge, akaona shati la Kingi halijaungua wala udongo alioulalia haufuki moshi, akasikia harufu ya udi ikimjia kutoka katika pumzi ya mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kununua hata ubani wa senti, na juu ya hayo yote, ndani ya chesisi, mahali palipokuwa pakigonga kila wakati, sasa hapakugonga tena.

Kingi hakutoka chini ya gari usiku huo, wala kesho yake. Walipojaribu kumvuta kwa kamba, kamba iliungua. Alikataa mkate, alikataa chai. Alitaka maji ya waridi, na aliposikia hakuna, akasema, "Mna nini basi nyinyi, ila grisi?" Mashavu yake yakaanza kubonyea. Midomo ikapasuka. Sidi alikaa kando ya gurudumu na kikombe cha maji, na kila alipomwita, kwa muda mfupi, macho ya Kingi mwenyewe yalirudi, yakamtazama, yakajaa machozi, kisha yakazama.

"Shemeji, likate hilo gari," alimwambia Lennox. "Mdogo wako anakauka."

"Nikate mshono wangu kwa sababu mumeo amepata homa?"

"Ile ni homa?"

"Mpeleke hospitali."

"Atatokaje? Mtoe wewe basi!"

"Mimi ni fundi," Lennox akasema. "Si mzoa wagonjwa."

Sidi akaenda Mji wa Kale kwa Bi Shumu, mwanamke mnene mwenye meno mekundu kwa tambuu, aliyekuwa akiuza udi na dawa za kufukiza. Bi Shumu hakumfariji. Alimsikiliza, akatema tambuu, akauliza jambo moja tu:

"Mumeo alisema karibu?"

"Sijui. Huenda. Ndiyo tabia yake."

"Basi ndiyo hiyo. Jini wa watu avunjiwe mlango wake, aambiwe karibu na mwengine, asiingie? Hata mimi ningeingia." Alijifunga buibui. "Aukate aloutia. Aurudishe kwa mikono yake, aombe radhi kwa mdomo wake. Si Gharib, si mimi, si wewe. Yeye. Akichelewa, mumeo atakauka mumo humo, mtamtoa mifupa."

Walipofika gereji walimkuta Gharib, amekuja na marafiki kuwaonyesha gari lake. Alikuwa ameinama, mikono kiunoni, akimfokea Kingi aliyelala chini.

"Wewe! Toka chini ya mali ya watu!"

"Gharib," sauti ikamjibu, taratibu. "Mwana wa mtu alokuwa na adabu. Mamako nyonga mbovu, lakini sinia langu alilibeba mwenyewe. Wewe wakojoa kitandani hata ndevu zaota, na mimi niko chumba cha pili, nalisikia."

Marafiki wakatazamana. Mmoja akakohoa ili asicheke.

"Mlango wangu," sauti ikaendelea, "umeutia chini ya matako yako."

Gharib alirudi nyuma hadi barabarani. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. "Kata!" akampigia Lennox kelele. "Kata, kata gari lote, silitaki!" Kisha akaenda zake kwa mwendo ambao mtu mwenye duka hapaswi kuonekana nao, na katika hadithi hii hana kazi tena.

Ungedhani Lennox angekata hapo. Alikunja mikono. Alisema hakuchomea asubuhi nzima ili abomoe kwa sababu ya mwoga mmoja na wanawake wawili.

Chini ya gari, jini akacheka.

"Mwacheni. Kazi yake yenyewe mbovu. Mshono wa kushoto una matundu. Mimi natoka na kuingia nipendapo."

Lennox akachukua taa, akalala chini upande wa kushoto, umbali wa shubiri moja kutoka kwa mdogo wake aliyekuwa akipumua kwa shida, wala hakumtazama. Alimulika mshono. Alipapasa kwa kidole. Na pale karibu na gurudumu la nyuma aliyaona, matundu madogo kama ya sindano, yamejipanga kama alama za ndui.

Aliinuka, akawasha gesi, akaanza kukata. Yote yale, machozi ya Sidi, mashavu ya Kingi, hayakumfikisha hapo. Alikata kwa sababu ya mshono.

Walimweka Kingi juu ya mkokoteni. Mara vipande vya chuma vilipotoka kwenye chesisi mwili wake ulishikika, ingawa bado ulikuwa wa moto, na wabebaji wawili waliokodiwa mtaani walivaa magunia mikononi. Bi Shumu alitangulia na sinia alilolipanga mwenyewe, halua, tambi, mayai, maji ya waridi, na udi unaofuka. Nyuma yake mkokoteni na Sidi. Nyuma ya wote Lennox, amebeba mlango vipande vipande mabegani, alasiri ile, katika vichochoro vya Mji wa Kale, watu wakimchungulia madirishani. Kila aliyemtazama alimrudishia jicho la kumpima na kumwona haba.

Lennox aliusimamisha mlango wa ghala mahali pake, kipande kwa kipande, akaufunga kwa waya. Kingi walimlaza kizingitini.

"Piga hodi," Bi Shumu akasema.

"Hodi," akasema Lennox, kama mtu anayepiga miayo.

Moshi wa udi ulipanda wima, haukuyumba.

"Omba radhi."

"Radhi." Alilitema kama kokwa ya tende.

"Sema kama mtu, wewe!"

"Niwie radhi kwa kuukata mlango wako," Lennox akasema, maneno yote yakiwa mahali pake, na mdomo wake wa juu, bila yeye kujua maana ulikuwa umezoea, ukapinda upande mmoja.

Moshi ukainama. Hapakuwa na upepo, mlango wa nje ulikuwa umefungwa, lakini moshi uliinama kama mtu anayesogeza uso kutazama karibu, ukamzunguka Lennox kichwani, ukashuka kifuani, ukapanda tena, na wote waliokuwamo, wabebaji wawili, Bi Shumu na Sidi, waliona baridi ikiingia chini ya nguo zao, mchana ule wa jua, na wakasikia mdomo wa Kingi uliopasuka ukifunguka na ile sauti ya heshima ikitoka humo kwa furaha, furaha ya mtu aliyekaa ugenini miaka na miaka na sasa amemwona wa kwao.

"Mtazameni. Hata akiomba, yuwatudharau."

Ilicheka, taratibu.

"Huyu mpole amenichosha. Usiku na mchana yuwamlilia mkewe, na mkewe yuwamlilia yeye. Sipati raha. Na yule?" Kidole cha Kingi kikainuka kikamwelekea Lennox. "Nani wa kumlilia yule?"

Bi Shumu aliwatazama waliokuwamo mmoja mmoja, akawangoja. Wabebaji waliangalia dari. Sidi alijua anaangaliwa. Yule alikuwa shemeji yake, na neno moja lilitosha, neno dogo, mimi. Aliangalia sakafu. Alikuwa ameukamata mkono wa mumewe, na ulikuwa unaanza kupoa.

"Basi," sauti ikasema.

Moshi ukarudi kusimama wima. Kingi akatetemeka mwili mzima, akakohoa, akafungua macho yake mwenyewe, na kwa Kiswahili chake cha Rabai akauliza kama kuna kitumbua. Sidi alilia hadi kanga ikalowa.

"Mmemaliza upuuzi wenu?" Lennox aliuliza. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akatoka.

Sidi alimshika Bi Shumu mlangoni, akamnong'oneza. "Ametoka?"

"Kwa mumeo ametoka."

"Amekwenda wapi?"

Bi Shumu alimtazama bila huruma, bila hasira pia. "Mwanangu, kila mtu huulizia wake. Wewe wako umempata. Huyo mwengine, akipata wa kumuulizia, mwambie aje kwangu."

Kingi hakurudi gereji. Alipata kazi kwa seremala kule Likoni, akanenepa tena, na Caroline akarudia tabia ya kumpanda mgongoni. Habari za Lennox walizisikia kwa watu, na habari zenyewe hazikuwa na jambo jipya. Hajibu salamu. Anatukana wateja. Kazi yake safi kuliko zamani. Hakuna aliyeona tofauti, na ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumtazama vizuri kiasi cha kuiona.

Siku moja Sidi alikwenda Mwembe Tayari kumpokea shangazi yake, na alipokuwa akipita pale nyuma alimwona. Lennox alikuwa akichomea geti. Hakuwa na kinga usoni. Uso ulikuwa karibu kabisa na ule moto mweupe ambao mtu mzima hawezi kuutazama hata kwa mbali, na macho yake yalikuwa wazi, makavu, hayapepesi. Harufu ya udi ilikuwa imejaa mtaani.

Akainua kichwa. Moto ukazima. Kwa kitambo kidogo mdomo wake uliopinda ulinyooka, ukaanza kutetemeka, na sauti nyembamba sana, sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kwa Lennox, ikamtoka.

"Shemeji. Nitoe."

Sidi alimsikia vizuri. Aliurekebisha mtandio wake, akaenda kumpokea shangazi.

Jioni, walipokuwa wakila, Kingi aliuliza kama amempitia kaka yake, na kama hajambo.

"Hajambo," Sidi akasema, akimwongezea mchuzi. "Yuko vilevile."